John Scott Haldane: Tabibu wa hewa, kutoka kina cha bahari hadi ukingo wa Ngorongoro

Na Mwandishi Wetu, Karatu

Barabara inayotoka Mto wa Mbu hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, hupita mji wa Karatu ulio kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, kisha huacha mashamba nyuma, huingia msituni na kupanda tena hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, takriban mita 2,300. Mgeni anayesimama pale juu kuitazama kreta huvuta hewa ambayo mgandamizo wake ni kama robo tatu tu ya ule wa Zanzibar. Kwa walio wengi tofauti hiyo ni baridi ya kawaida ya nyanda za juu na pumzi kuwa fupi kidogo wanapopanda ngazi. Kwa mtu aliyezamia kwa mtungi wa hewa kule Mnemba asubuhi ya siku hiyo hiyo, tofauti hiyo inaweza kumfikisha hospitali.

Sababu ya hatari hiyo ilielezwa kwa hesabu zaidi ya miaka 110 iliyopita na tabibu wa Kiskoti, John Scott Haldane. Jina lake halitajwi sana nje ya vyuo vya udaktari, lakini kila jedwali la uzamiaji linalotumika leo ni mtoto au mjukuu wa kazi yake. Ni yeye pia aliyeeleza namna moshi wa jiko la mkaa unavyoua ndani ya chumba kilichofungwa, jambo ambalo wakazi wa Karatu na Ngorongoro wanapaswa kulijua zaidi ya habari za bahari.

Haldane alizaliwa mwaka 1860 mjini Edinburgh, katika ukoo wa watu wenye elimu na nafasi serikalini. Kaka yake, Richard, alikuja kuwa Waziri wa Vita wa Uingereza. Mjomba wake, John Burdon-Sanderson, alikuwa profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford. John Scott alihitimu udaktari Edinburgh mwaka 1884, na hapo ndipo njia yake ilipoachana na ya wenzake. Hakufungua zahanati wala kujenga jina wodini. Alikwenda Dundee, mji wa viwanda, ambako yeye na wenzake waliingia usiku katika nyumba za maskini, watu wakiwa wamelala wengi chumba kimoja, wakachota hewa kwenye chupa na kuipima. Walipima pia hewa ya madarasa na, baadaye, ya mifereji ya majitaka. Watu wa zama zile waliamini kwamba harufu ya mfereji ndiyo iletayo homa. Vipimo vilionesha kuwa hewa ya mfereji ilikuwa na vijidudu vichache kuliko ya vyumba vingi walimolala watu.

Mwaka 1887 alihamia Oxford kufundisha chini ya mjomba wake. Lakini maabara yake halisi ilikuwa migodini. Mwezi Januari 1896 mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales, uliua wachimbaji 57. Haldane alikwenda, akaikagua miili na kuichunguza damu. Wengi wao hawakuuawa na moto wala na kishindo. Waliuawa na hewa iliyobaki baada ya mlipuko, yenye gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu.

Alikuwa tayari amekwisha kuijaribu gesi hiyo juu ya mwili wake. Alikaa maabara akiivuta kidogo kidogo, akitoa damu yake na kuipima, hadi zaidi ya nusu ya uwezo wa damu kubeba oksijeni ulipokuwa umetekwa na gesi. Maelezo yake ni rahisi kufahamika. Chembe nyekundu za damu hubeba oksijeni kama punda abebavyo mzigo. Kaboni monoksaidi huung'ang'ania mgongo wa punda huyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na oksijeni hukosa mahali pa kukaa. Mtu hasikii kukosa pumzi. Huona kizunguzungu, kichwa humuuma, miguu hulegea, kisha husinzia.

Kwa wachimbaji alipendekeza wachukue chini mnyama mdogo, panya au chiriku, kwa kuwa kiumbe mdogo hupumua upesi na huathirika mapema kuliko mtu. Chiriku akianguka kwenye kijiti chake, watu wana dakika za kuondoka. Ndege hao waliendelea kufanya kazi katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986.

Habari hii ina uzito wake hapa nyanda za juu. Miezi ya Juni hadi Agosti baridi ya Karatu na Ngorongoro ni kali, na kaya nyingi huingiza jiko la mkaa ndani ili chumba kipate joto, mlango na madirisha yakiwa yamefungwa. Mkaa uliokwisha kuwaka vizuri hautoi moshi wa kuonekana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Gesi inayotoka ni ile ile ya Tylorstown. Haikai chini wala haipandi juu. Huchanganyika na hewa yote ya chumba, hivyo kulala kitandani au sakafuni hakumwokoi mtu. Jiko litumike nje au penye madirisha yaliyo wazi, na litolewe kabla ya watu kulala. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiamka pamoja na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, wasidhani mara moja kuwa ni malaria. Watoke nje kwanza, kisha waende kituo cha afya na wamweleze mganga kuwa jiko lilikuwa ndani.

Katika majaribio hayo hayo, mwaka 1895, Haldane alifanya jambo ambalo halikutiliwa maanani sana wakati ule. Alimweka panya katika chombo chenye oksijeni iliyogandamizwa hadi mara mbili ya mgandamizo wa kawaida, akaingiza kaboni monoksaidi kwa kiwango ambacho kingemuua mara moja. Panya aliendelea kuishi. Chembe zake za damu zilikuwa zimetekwa zote, lakini kwa mgandamizo ule oksijeni ya kutosha iliyeyuka katika maji ya damu yenyewe. Tiba ya oksijeni yenye mgandamizo mkubwa, inayotolewa leo katika vyumba maalumu vya chuma duniani kote, imejengwa juu ya panya yule. Mgonjwa wa kaboni monoksaidi anayevuta hewa ya kawaida huchukua saa nne hadi tano kupunguza nusu ya gesi iliyo katika damu yake. Akivuta oksijeni tupu huchukua kama saa moja na nusu. Ndani ya chumba cha mgandamizo huchukua chini ya nusu saa. Vyumba hivyo hutumika pia kwa baadhi ya vidonda sugu vya kisukari na kwa madhara ya mionzi yanayochelewa kupona.

Mwanawe wa kiume, Jack, alimfuata migodini tangu utotoni. Katika mgodi mmoja wa Staffordshire baba alimwambia kijana asimame wima na kukariri hotuba ya Antonio katika tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Kijana hakuifikisha mbali. Kichwa chake kilikuwa karibu na dari, mahali ambapo gesi ya methani, iliyo nyepesi kuliko hewa, hujikusanya. Akalegea na kuanguka, na pale sakafuni akapata hewa safi na fahamu zikarudi. Malezi ya namna hiyo hayawezi kupendekezwa kwa mzazi yeyote leo. Jack alikua akawa J.B.S. Haldane, mmoja wa wanabiolojia wakubwa wa karne ya 20.

Kazi nyingine za migodini tutazipita haraka, ingawa mojawapo inatugusa. Wachimbaji wa bati katika mgodi wa Dolcoath, huko Cornwall, walikuwa wakidhoofika na kupauka. Haldane na daktari Arthur Boycott waligundua kuwa ni safura, maradhi ya minyoo tunayoyafahamu vema, iliyokuwa imejipatia makazi katika joto na unyevu wa mgodi mrefu usio na vyoo. Katika migodi hiyo hiyo alichunguza pia vumbi la mwamba linaloharibu mapafu ya wachimbaji.

Mwaka 1905 Idara ya Jeshi la Majini ya Uingereza iliunda kamati kuhusu uzamiaji wa kina kirefu, na Haldane akawa mtu wake mkuu wa sayansi. Wakati huo wazamiaji na mafundi waliojenga misingi ya madaraja ndani ya masanduku ya hewa iliyogandamizwa walikuwa wakipatwa na maumivu makali ya viungo mara watokapo, wengine wakipooza na wengine wakifa. Mfaransa Paul Bert alikwisha kuonesha mwaka 1878 kuwa chanzo ni naitrojeni. Mtu akiwa chini, naitrojeni ya hewa anayovuta huyeyuka katika damu na nyama za mwili. Akipanda ghafla hutoka kwa viputo, kama soda inavyofanya kizibo kikifunguliwa. Kilichokosekana ni kanuni ya kumwambia mzamiaji apande vipi.

Ushauri uliokuwapo ulikuwa kupanda kwa mwendo mmoja wa polepole tangu chini hadi juu. Haldane aliona kosa lake. Anayepanda polepole kutoka kilindini bado yuko kilindini, na mwili wake unaendelea kujaza naitrojeni. Alianzia kwenye jambo ambalo wazamiaji wenyewe walilijua: mtu aliyekaa kwenye kina cha mita kumi, hata kwa muda mrefu, hupanda moja kwa moja bila madhara. Kwenye mita kumi mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Basi akafikiri kwamba mwili unaweza kuvumilia mgandamizo kushuka hadi nusu, iwe ni kutoka sita hadi tatu, nne hadi mbili, au mbili hadi moja. Mzamiaji apande upesi hadi nusu ya mgandamizo aliokuwamo, asimame, angoje naitrojeni itoke kupitia mapafu, kisha apande tena kwa vituo. Muda wa kila kituo aliupata kwa kuugawa mwili, katika hesabu zake, kuwa sehemu tano, ile ya upesi ikijaa nusu kwa dakika tano na ile ya polepole kwa dakika 75.

Hesabu ilijaribiwa kwa mbuzi, ndani ya tangi kubwa la chuma katika Taasisi ya Lister mjini London. Mbuzi alichaguliwa kwa kuwa mwili wake unakaribia wa mtu kuliko wa panya, na kwa kuwa dalili zake husomeka kwa macho: aliyepata viputo kwenye goti huinua mguu wa mbele na kukataa kuukanyagia. Mfugaji wa Endulen au Mang'ola angewafaa sana watafiti wale, maana kazi yao ya kila siku ilikuwa kumtambua mbuzi asiye sawa katika kundi. Mwezi Agosti 1906 jaribio lilihamia baharini, pwani ya magharibi ya Scotland. Luteni Guybon Damant na mwenzake Andrew Catto walishuka hadi mita 64 na kurudi salama. Jack, aliyekuwa na miaka 13, naye alivishwa vazi la mzamiaji na kuteremshwa; vazi lilikuwa kubwa mno kwake, na maji yakaingia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1908, na majedwali yakapokelewa na jeshi la majini la Uingereza, kisha na mataifa mengine. Ushahidi wake bora ulikuja baadaye. Meli ya Laurentic ilizama Januari 1917 kaskazini mwa Ireland ikiwa na vipande 3,211 vya dhahabu ya serikali. Damant yule yule aliongoza wazamiaji kuvitoa, kazi iliyoendelea kwa vipindi hadi 1924, na vikapatikana 3,186. Hakuna mzamiaji aliyepoteza maisha.

Uwiano wa mbili kwa moja ndio unaoturudisha Ngorongoro. Mzamiaji anapotoka majini Zanzibar, Pemba au Mafia bado ana naitrojeni ya ziada mwilini, ambayo mgandamizo wa pwani huizuia isitoke kwa kishindo. Akipelekwa mahali ambapo hewa ya nje ni robo tatu ya ile ya pwani, uwiano huvuka mpaka na viputo huanza. Ndege kubwa za abiria hutunza ndani yake hewa isiyozidi wembamba wa hewa ya mita 2,400 au karibu na hapo, kiasi kisichotofautiana sana na ukingo wa kreta. Kwa hiyo onyo analopewa mzamiaji kuhusu kupanda ndege linahusu pia kupanda Ngorongoro kwa gari. Ndege ndogo nyingi zinazowaleta wageni kanda ya kaskazini hazina mgandamizo wa ndani kabisa.

Miongozo inayotumika kimataifa humtaka aliyezamia mara moja, bila kulazimika kusimama kwa vituo, angoje angalau saa 12 kabla ya kwenda kwenye mwinuko wa namna hiyo. Aliyezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo hungoja angalau saa 18, na aliyehitaji vituo hungoja zaidi. Mpangilio wa mbuga kwanza na ufukwe baadaye, ambao waongoza watalii wengi huupendelea kwa sababu za kibiashara, unafaa kwa sababu hii pia. Hatari hubaki kwa yule anayeanza safari yake baharini.

Mganga wa Karatu anayepokea mgeni mwenye maumivu ya bega au goti bila kuanguka, ganzi, ngozi inayowasha, miguu isiyo na nguvu au mkojo uliozuilika, anapaswa kuuliza swali moja zaidi: lini alizamia mara ya mwisho. Jibu likiwa ni jana au leo, mgonjwa apewe oksijeni tupu, alazwe, ateremshwe mahali pa chini kadiri inavyowezekana, na mipango ifanywe ya kumfikisha kwenye chumba cha mgandamizo, ikiwa ni kwa ndege basi iwe yenye kutunza mgandamizo au inayoruka chini. Maziwa yetu yanahitaji uangalifu huo huo. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hivyo jedwali la pwani halitumiki huko bila kurekebishwa. Marekebisho ya namna hiyo yalifanyiwa kazi kwa miaka mingi na daktari Albert Bühlmann wa Zurich, aliyeanza na maziwa ya milima ya Uswisi. Uwiano wa Haldane wenyewe umesahihishwa, kwa kuwa katika mizamio mirefu sana ulikuwa mlegevu mno. Njia yake ya kufikiri haijaachwa.

Haldane mwenyewe alipanda mlima. Mwaka 1911 alikaa wiki tano na wenzake juu ya Pikes Peak huko Colorado, Marekani, mita 4,300, chini kidogo ya kilele cha Mlima Meru, wakipima namna mwili unavyozoea hewa nyembamba. Mwenzao Mabel FitzGerald alizunguka miji ya wachimbaji akifanya vipimo kama hivyo kwa wakazi. Safari ile ilizaa maarifa mengi, na kosa moja. Haldane alishika kwamba mapafu husukuma oksijeni kuingia katika damu kama tezi itoavyo mate, na hakuiacha imani hiyo hata wenzake walipoonesha kuwa si kweli.

Gesi ya klorini ilipotumiwa vitani huko Ypres mwezi Aprili 1915, serikali ilimpeleka Ufaransa kuwachunguza walioathirika. Alirudi Oxford, akajifungia chumbani na wenzake wakiivuta gesi hiyo ili kupima vitambaa vya kujikinga. Mwaka 1917 aliandika juu ya namna ya kumpa mgonjwa oksijeni kwa kipimo na mfululizo, badala ya desturi ya kumpulizia kidogo usoni.

Daktari anayetaka kufuata njia hii leo hapiti mlango mmoja. Wengi huingia kutoka idara ya dawa za usingizi, ya dharura, jeshini, au afya ya kazini, kisha husoma tiba ya uzamiaji na ya mgandamizo kwa nyongeza. Nchini Marekani jumuiya yao ya kitaaluma ilianzishwa mwaka 1967. Tanzania ina bahari, maziwa marefu, migodi na milima, na ina wavuvi wa jongoo bahari wanaoshuka kwa mitungi wakiwa na mafunzo haba. Uwanja wa kazi upo.

Heshima zilimfikia Haldane angali hai: uanachama wa Royal Society mwaka 1897 na nishani ya Copley mwaka 1934. Akiwa na miaka 75 alisafiri hadi Uajemi kuchunguza wafanyakazi wa mafuta waliokuwa wakianguka kwa joto. Alifariki Oxford mwezi Machi 1936, muda mfupi baada ya kurejea. Binti yake, Naomi Mitchison, alikuwa mwandishi, na katika uzee wake Wabakgatla wa Botswana walimpokea kama mama na mshauri wao. Jack aliendelea na kazi ya baba. Manowari ya Thetis ilipozama Juni 1939 na watu 99 kufa ndani yake, ndiye aliyeitwa kutafuta walivyokufa, na kwa miaka iliyofuata alijifungia mara nyingi katika tangi la mgandamizo jijini London, akitoka na ngoma za masikio zilizotoboka na uti wa mgongo ulioumia.